Mashine Ikikuuliza: Yuro au Dola?

SWALI: Mimi ni mama, mkulima wa zabibu huku Hombolo, Dodoma. Hivi karibuni nilikwenda Italia kutazama mitambo ya kusindika mvinyo, nikiwa na kadi ya akaunti yangu ya dola. Hotelini mashine iliuliza kama nilipe kwa yuro au kwa dola, nami nikachagua dola kwa kuwa ndizo nilizozizoea. Niliporudi, mwanangu alipiga hesabu akaona nimelipa zaidi ya kiwango cha siku ile, na benki yangu nayo imekata ada. Nilikosea wapi?

JIBU: Pole, mama. Ulipochagua dola, uliiruhusu benki inayoihudumia mashine ya hoteli ikubadilishie fedha papo hapo kwa kiwango chenye faida yake ndani, faida ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 3 na 7, na pengine huzidi. Tuseme bili ilikuwa yuro 400, na yuro moja ilikuwa sawa na dola 1.10: ulistahili kulipa dola 440, lakini nyongeza ya asilimia 5 inazifikisha 462. Dola 22 si fedha ndogo kwa mkulima.

Ungechagua yuro, kazi hiyo ingefanywa na mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, ambao kiwango chake hukaribia sana kile cha soko, kisha benki yako ingekata ada ya miamala ya nje. Ada hiyo ndiyo inayowapotosha wengi, kwani huchagua dola wakidhani wanaikwepa, kumbe benki nyingi huikata kwa sababu tu muamala umefanyika nje ya nchi, hata kama umelipa kwa fedha ya akaunti yako.

Kwa hiyo, safari ijayo chagua fedha ya nchi uliyopo, na usome kiasi pamoja na aina ya fedha kabla ya kuingiza namba ya siri. Mhudumu akikuchagulia bila kukuuliza, mwombe afute muamala na kuanza upya, kwa sababu kanuni za mitandao hiyo zinampa mwenye kadi haki ya kuchagua. Kwenye ATM uwe makini zaidi: ukikataa kubadilishiwa fedha, skrini inaweza kukutia hofu kwamba umekataa muamala wote, ilhali noti utazipata vilevile.

Wenye kadi za shilingi wana sababu kubwa zaidi ya kujihadhari, kwani wakikubali kutozwa dola huko Ulaya, yuro hugeuzwa dola, kisha dola hugeuzwa shilingi, na kila hatua ina makato yake.

Kuhusu dola zilizokwisha kukatwa, sitaki kukupa matumaini yasiyokuwapo: malalamiko benki huwa na nguvu pale mteja asipopewa nafasi ya kuchagua, na wewe uliulizwa. Hata hivyo, kabla ya kusafiri tena, fika kwenye tawi lako uulize ada ya miamala ya nje ni asilimia ngapi.