Historia ya Mwanza na michezo: anzia Bujora

Ndugu, umeuliza usome nini ili kupata historia ya Mwanza pamoja na michezo yake. Usikimbilie soka. Nenda kwanza Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, ukaulize habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Hawa hushindana kwa ngoma, kila upande na dawa zake na vituko vyake, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Kwangu huo ni mchezo kamili, tena mkongwe kuliko Uwanja wa Kirumba.

Kwenye soka, anza na ushirika wa wakulima wa pamba aliouongoza Paul Bomani miaka ya 1950. Ukishausoma, jina la Pamba, klabu ya soka ya Mwanza iliyorudi Ligi Kuu 2024, litakugusa kweli.