Maswali ya Wasomaji: Kisu Gani cha Kushuka Nacho Baharini?

SWALI: Shikamoo anko. Mi nipo Kunduchi, nimemaliza kozi ya kuzamia mwaka huu, na washkaji tunaenda Mbudya na Bongoyo kila tukichanga hela ya boti, sasa nataka kisu. Kuna jamaa Kariakoo ananiuzia kimoja kikubwaa kama cha komando, mgongoni kina meno ya msumeno, anataka laki na ishirini. Anasema ni stenlesi orijino, hata akaweka sumaku nione haishiki. Mshkaji wangu naye anasema kisu kidogo cha nini, papa akitokea utafanyaje? Nichukue? – Mzamiaji mpya, Kunduchi

JIBU: Marahaba mwanangu. Usichukue.

Tuanze na huyo papa maana ndiye anawauzia watu visu vikubwa. Chini ya maji mkono wako unakwenda polepole kama unakoroga uji, sasa huyo papa utamchoma saa ngapi? Na papa ambaye watu wengi wa Dar wanafunga safari kwenda kumtafuta ni papa potwe, kule Mafia kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, mkubwa kama daladala lakini chakula chake ni vidudu vidogo vidogo vya kuelea na visamaki. Kisu tunabeba kwa ajili ya nailoni basi. Mshipi uliokatika, jarife lililoachwa, kamba ya boya, hivyo ndo vitu vinavyomshika mzamiaji, na kwenye maji yenye vumbi vumbi huvioni mpaka vishakukamata.

Mi mwenyewe yalinikuta miaka hiyo karibu na Fungu Yasini. Mtu atasema mbona kule ni hifadhi, Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini zote hifadhi, wavu ulitoka wapi? Wavu hausomi kibao, ukikatika huko ulikotegwa mkondo unaubeba tu. Basi nilikuwa na kisu kama hichohicho unachotaka, nimekifunga mguuni kwa nje ya kigimbi, najiona mwanaume, kumbe kitu cha kwanza kunaswa ni mpini wa kisu chenyewe. Nikageuka kuangalia nini kimenishika, kugeuka kule kukafanya wavu ushike na vali ya mtungi kisogoni, sasa nimenaswa juu na chini, mkono haufiki mguuni na kisu nakiona kwa macho. Aliyenitoa ni mwenzangu niliyeshuka naye, alikuwa na mkasi mdogo wa wauguzi, ule wenye ncha butu wanaokatia nguo za majeruhi, akakata uzi mmoja mmoja bila haraka nikatoka. Kile kisu nilikiacha kwa jirani anachinjia kuku.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani siyo kina makali gani, ni utakivaa wapi. Kikae sehemu ambayo mkono wa kulia na wa kushoto yote inafika bila kuinama: kifuani kwenye mkanda wa jaketi la kuzamia, au kiunoni kwa mbele, wengine wanakibana kwenye mpira wa kujazia hewa. Ukilazimisha mguuni basi kwa ndani ya kigimbi. Na ukishanunua fanya zoezi, funga macho sebuleni, kichomoe na kukirudisha kwenye ala kwa mkono wowote, mara ishirini. Watoto watakucheka, poa tu.

Sasa hiyo sumaku. Huu uongo unaishi sana mjini, kwamba stenlesi haishiki sumaku, ikishika ni feki. Kwa sufuria na vijiko inakaribia ukweli, maana vingi ni aina inayoitwa 304, ina kromu kama asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na kweli sumaku haiing'ang'anii. Lakini 304 ni laini, ukiinoa leo kesho imelala. Visu vingi vya kuzamia vya bei ya kawaida ni 420, kromu yake asilimia 12 mpaka 14, hiyo inaweza kukomazwa kwa moto ikashika makali, na sumaku inaishika vizuri kabisa! Maana yake huyo jamaa wa Kariakoo amekuonyesha kwa mkono wake kwamba anakuuzia kijiko kirefu. Visu vizuri visivyoshika sumaku vipo, titani mojawapo, na kuna chuma kinaitwa H1 ambacho kimetiwa naitrojeni, ila hivyo huvipati kwa laki na ishirini tena pale barabarani.

Na muuzaji akikwambia "haishiki kutu milele" sahau. Chumvi inatoboa hata stenlesi, inaanza na vidoa vidogo vya kahawia pale makali yanapokutana na mpini. 440 inanoleka vizuri kuliko 420 lakini baharini inataka matunzo zaidi. Titani haipati kutu kabisa, nyepesi, ila makali yake yanachoka mapema na bei imechangamka. Kama hela ni ya mawazo chukua 420 na uitunze: ukitoka majini kichomoe kwenye ala, suuza vyote viwili na maji baridi ya bomba, kausha, paka mafuta kidogo ya silikoni. Kosa la wengi ni kusuuza kisu kikiwa ndani ya ala, chumvi inabaki mle inakula taratibu, mwezi ujao unavuta hakitoki.

Urefu wa makali sentimita 7 mpaka 10 unatosha. Upande mmoja laini, upande mwingine meno, kwa sababu kamba nene inapenda meno na mshipi mwembamba unapenda makali laini, na kikiwa na kile kijipengo chenye makali, kilichopinda kama ndoano, cha kuvutia na kukatia uzi ndo bora zaidi. Ncha butu. Ncha kali itatoboa jaketi lako au paja la mwenzio, na wewe huendi kuchoma kitu. Hayo meno ya msumeno mgongoni yanakamata wavu tu.

Ila kama ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekwambia chukua kisu kidogo PAMOJA na mkasi wa wauguzi, viwili, kimoja kikidondoka una kingine. Mkasi unakata hata waya mwembamba wa ndoano ambao kisu kitakesha nacho, na huwezi kujichoma nao. Maduka ya vifaa vya hospitali wanayo, bei ndogo, kutu utashika haraka lakini unanunua mwingine.

Siku ukinaswa: simama, usigeuke kama nilivyofanya mimi, pumua, mpe mwenzio ishara, na kata mbali na mpira wa hewa.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi napiga kasia kwenye kayaki ya kupuliza, Msasani hapa jioni jioni. Naambiwa nibebe kisu, nikiangalia chombo chenyewe ni upepo mtupu naogopa. Cha kukunja si kitakuwa salama zaidi? – Mama wa kayaki

JIBU: Nzuri dada yangu, na woga wako una akili. Ncha butu kwako ni lazima, tena kikae kwenye ala ngumu ya plastiki inayobana kwa kubofya, kifungwe kifuani kwenye laifujaketi. Usikitupe kwenye begi, kayaki ikipinduka begi linakwenda kwake na wewe kwako. Cha kukunja kizuri mfukoni mwa suruali, lakini mchanga na chumvi vikiingia pale kwenye pini kinagoma, na vidole vimelowa, umeinama kichwa chini, mguu umeshikwa na kamba inayofunga kasia, utakifunguaje kwa mkono mmoja? Kuna vile vikato vidogo ambavyo wembe umejificha ndani ya plastiki, unapitisha kamba kwenye mwanya unavuta, kwa chombo cha upepo hivyo navipenda kuliko kisu chochote.

Halafu dada, Msasani kuna kamba za madema na maboya ya watu. Ukinasa jinasue kwa mkono, usikate, ile ni mboga ya familia. Unakata pale tu roho ikiwa hatarini. Na firimbi unayo? Itie kwenye jaketi hilohilo, wakati wa kusi hakuna atakayesikia unaita.

SWALI: Mi sizamii, naelea tu na snokeli Bongoyo wikendi, kisu nahitaji? – Msomaji wa Sinza

JIBU: Hapana. Mkasi mdogo kiunoni au kikato cha wembe vinatosha. Wenye visu wakishafika kwenye matumbawe mkono unawawasha, wanaanza kubandua chaza na makombe, na pale hifadhini hakuchukuliwi kitu. Hela ya kisu nunua miwani isiyovuja. Na kama siku moja utapanda ndege kwenda Mafia na huo mkasi, uweke kwenye begi la mizigo, ukiwa nao mkononi watabaki nao uwanjani.