Mteja Anataka Faili Ziende Zenyewe Usiku? Anza na Risiti, Seva Baadaye

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbale aliniandikia: "Dada, shikamoo. Nimepata kazi na kampuni ya kusafirisha kahawa. Wanataka hati zao ziende zenyewe kila usiku kwa mnunuzi, kwenye hifadhi ya wingu, bila mtu kugusa. Ninunue seva gani?" Nilimjibu kwa kifupi siku ileile, lakini swali halikunitoka, kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mnaitafuta kazi ya namna hiyo. Ni kazi nzuri. Inalipa, na ukiifanya sawasawa mteja hakuachi. Basi leo naieleza kwa kirefu, na naanza na yaliyonikuta mimi, maana ndiko nilikojifunzia.

Nilianzia kwa wakala mmoja wa forodha hapa Kampala. Mizigo ya wateja wake inashuka Mombasa, inapanda malori, inaingia Uganda kwa njia ya Malaba. Kila shehena ina hati zake: ankara, orodha ya mzigo, hati ya shehena, cheti cha asili, na orodha ya malori yenye majina ya madereva na nambari zao za simu. Hizo zote alikuwa anazituma karani mmoja, dada mchapakazi kwelikweli, aliyekaa ofisini hadi usiku akiziambatisha kwenye barua pepe. Barua pepe ikigoma, anatuma kwa WhatsApp, kwa simu yake na bando lake mwenyewe. Asubuhi simu inalia kutoka Mombasa: "Dada, hii orodha imekatika. Nina malori 12 hapa, orodha yako ina 9." Anatuma tena. Sasa kule wana orodha mbili zenye jina moja na hakuna anayejua ipi ndiyo yenyewe. Mzigo unasimama, dereva analala Malaba, mwenye mali anafoka, na lawama zote zinamwangukia yule dada.

Lilinikera sana jambo hilo. Nilimwendea meneja nikamwambia kosa haliko kwa karani, liko kwenye njia. Nikamchorea kwenye karatasi: faili zitoke kwenye mfumo wa uhasibu, zisimbwe (zifichwe kwa msimbo ili asiyehusika asizisome), zipite kwa SFTP, njia salama ya kutuma faili mtandaoni, ziingie kwenye hifadhi ya wingu, mwenzenu wa Mombasa azichukue, na kila faili irudishe risiti kwamba imefika nzima. Alinisikiliza vizuri. Kisha akaipa kazi kampuni ya kutoka nje, waliokuja na suti na slaidi.

Sitaficha kwamba iliniuma, na hata sasa ninapoandika inaniuma. Mchoro ule ulikuwa wangu. Wao walijenga mfumo wenye skrini za rangi na usimbaji mzuri tu, lakini waliujenga kana kwamba intanetini hakukatiki kitu. Laini ilipokatika katikati ya kutuma, mfumo uliacha nusu ya faili kwenye hifadhi, tena ikiwa na jina lake kamili. Upande wa pili ukaichukua ukidhani ni nzima. Ugonjwa ni uleule wa barua pepe, tofauti ni kwamba sasa ulilipiwa kwa dola. Madereva wakaendelea kulala Malaba, na hapo ndipo nilipoitwa.

Miezi ya vikao na mikataba naipita. Niwaonyeshe kilichobadilika.

Faili ikishaandikwa, programu inaipigia hesabu ya SHA-256 na kuhesabu mistari yake. Hesabu hiyo inatoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, na ukibadilisha koma moja tu ndani ya faili, mfuatano wote unageuka. Kazi yake ni kama ya nambari ya sili kwenye kontena: anayepokea anasoma sili kabla hajagusa mzigo. Kisha faili inasafiri kwa jina la muda, lenye .part mwishoni. Ikifika yote ndipo inapewa jina lake halisi, na nyuma yake inafuata faili ndogo iliyobeba ile hesabu. Mombasa hawagusi kitu mpaka faili ndogo ifike. Kompyuta yao inapiga hesabu upya, zikilingana inaandika risiti na kuirudisha Kampala. Risiti isiporudi, faili inabaki kwenye foleni ya Kampala na kujaribu tena, kila mara ikisubiri muda mrefu kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Ni hayo tu. Hakuna skrini ya rangi.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika. Uganda haina bahari. Intaneti yetu kwa sehemu kubwa inapita Kenya kufika pwani, kwa hiyo bahari ikiumia nasi tunaumia, na hifadhi yetu ilikuwa Cape Town, ambako Amazon walifungua kituo chao cha wingu mwaka 2020. Ofisi nyingi Kampala zililia wiki ile. Mimi nilikaa mbele ya foleni nikiitazama inavyorefuka: orodha za mzigo, ankara, vyeti, zote zimejipanga na saa zake pembeni. Kila laini ilipopumua, faili moja inatoka, risiti inarudi, inayofuata inaingia. Zilichelewa saa nyingi. Lakini hakuna hata moja iliyofika nusu, hakuna iliyofika mara mbili, na karani hakupigiwa simu usiku. Nilijivuna siku ile na najivuna hadi leo.

Kwenye kikao cha mwisho wa mwaka meneja alisimama akawashukuru wale wa suti kwa "mfumo wao imara." Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Tulipotoka, karani alinishika mkono akasema, "Dada, asante. Siku hizi saa kumi na moja niko kwenye teksi naenda nyumbani." Hayo ndiyo malipo niliyoyachukua, na kazi zilizofuata zililetwa na maneno yake huyo dada, si ya meneja.

Sasa nirudi kwako wewe unayeanza. Usianze na kununua seva. Anza kwa kumuuliza mteja: utajuaje kwamba faili imefika nzima? Asipokuwa na jibu, hapo ndipo kazi yako ilipo. Ukishapata jibu, mengine yanajipanga.

Foleni ijenge kwa hali ya hapa kwetu. Januari 2021 intaneti ya nchi nzima ilizimwa tarehe 13, mkesha wa uchaguzi, ikarudi tarehe 18. Foleni inayobeba kazi ya saa mbili ingefurika siku ya kwanza. Tenga nafasi ya diski ya wiki nzima, na hakikisha foleni iko kwenye diski, kwa sababu umeme ukikatika kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta (RAM) kinapotea.

Saa nazo ziangalie. Seva nyingi za wingu zinahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele. Faili inayotoka Kampala saa saba na nusu usiku, kwa seva bado ni jana, saa 22:30. Kama jina la faili linabeba tarehe ya seva, mteja atapata faili mbili za jana na hatapata ya leo. Andika saa ya Kampala kwenye jina, au andika UTC kwa wazi na umweleze mteja. Nimeona watu wazima wakitoleana maneno makali ofisini kwa ajili ya jambo hili.

Kuhusu usalama, sikiliza vizuri. Usitumie FTP ya zamani, ile inapeleka nywila yako barabarani ikiwa wazi. Tumia SFTP kwa funguo za SSH, yaani jozi ya faili, moja ya umma na moja ya siri, zinazoshika nafasi ya nywila; kila mshirika ufunguo wake na folda yake. Ufunguo wa umma unaweza kuutuma kwa barua pepe, lakini ule wa siri hautoki kwenye mashine ulikozaliwa, hata bosi akiuomba. Na mara ya kwanza unapounganisha, kompyuta inakuonyesha alama ya kidole ya seva, mfuatano wa herufi unaoitambulisha, na kukuuliza kama unaitambua. Watu karibu wote wanaandika "yes" bila kusoma. Mpigie simu mwenzako wa upande wa pili, akusomee alama yake herufi kwa herufi, ulinganishe. Ni dakika mbili tu, na ndizo zinazokuhakikishia kwamba unazungumza na seva yake na si ya mwizi aliyekaa katikati.

SFTP inalinda njia tu. Faili ikishatua, ulinzi wake ni habari nyingine. Ni kweli kwamba tangu Januari 2023 hifadhi ya wingu ya Amazon, S3, inasimba yenyewe kila kitu kipya unachoweka, lakini yeyote mwenye ruhusa ya kufungua folda atakisoma. Kwa hiyo hati nyeti zisimbe kwa PGP, usimbaji wa faili yenyewe ambao mwenye ufunguo tu ndiye anaufungua, kabla hazijaondoka. Mwaka 2023 huohuo, wezi waliojiita Cl0p walipenya MOVEit, programu kubwa ya kuhamisha faili inayotumiwa na makampuni ya dunia, wakaondoka na data za watu wengi mno. BBC na British Airways waliguswa kupitia kampuni iliyokuwa ikiwashughulikia mishahara. Programu ilikuwa ya gharama na yenye jina. Aliyekuwa amesimba faili zake kwa ufunguo usiokaa humo, na akafuta zilizokwisha kupokelewa, hakuwa na kingi cha kuibiwa. Futa. Risiti ikirudi, faili isikae pale milele.

Usiniambie pia kwamba ni makaratasi ya mizigo tu. Orodha ya malori ina majina na simu za madereva. Uganda tuna sheria ya ulinzi wa data binafsi ya mwaka 2019, na inagusa pia data inayopelekwa nje ya nchi: aidha huko iendako iwe na ulinzi unaolingana na wetu, au mwenye data hiyo awe ameridhia. Wewe unayechagua seva ikae Cape Town au Ireland ndiye unayeivusha mpaka. Muulize mteja kama amejiandikisha kwa ofisi ya ulinzi wa data kabla hujaandika mstari mmoja wa programu.

Na gharama. Huduma ya SFTP ya Amazon kwa maeneo yake mengi inatozwa senti 30 za dola kwa saa kwa kila itifaki (njia ya kutuma, kama SFTP), iwe umetuma faili au hujatuma. Hiyo ni dola 216 kwa siku 30, kabla ya malipo ya data yenyewe. Ukiisimamisha seva bado unalipa, mpaka uifute kabisa. Kwa benki si kitu. Kwa wakala mwenye faili chache kwa usiku, seva ndogo ya Linux yenye OpenSSH, programu inayopokea SFTP, pamoja na rclone, programu ya kusukuma faili winguni, inatosha, mradi uwe tayari kuitunza wewe mwenyewe.

Siku ya kukabidhi, usionyeshe slaidi. Muite mteja, muite na karani wake, maana yeye ndiye ajuaye maumivu. Anza kutuma faili kubwa, na ikiwa katikati mwambie mteja achomoe kebo ya mtandao kwa mkono wake. Waonyeshe .part iliyolala upande wa pili bila kuguswa. Kisha kebo irudi, msubiri pamoja, jina libadilike, hesabu zilingane, risiti iingie. Halafu ndipo utoe ankara yako, na usiipunguze.