Kisima cha Ballintubber

Mwanangu,

Umeniuliza Ballintubber maana yake nini, maana mjukuu wangu ametakiwa shuleni aeleze jina la kijiji ulikokulia. Ni Baile an Tobair, mji wa kisima. Tobar ni kisima. Ukiona Tobar au Tubber kwenye kibao huko Ireland, mara nyingi pana kisima karibu. Cha Ballintubber husimuliwa kuwa Mtakatifu Patrick alibatizia watu hapo, na abasia, yaani nyumba ya watawa, ilianzishwa 1216. Hayo aandike.

Lakini aandike na ya soksi. Ulikuwa na miaka minne, umekanyaga tope. Nikakuvua, nikaisuuza kwenye kile kisima kidogo nyuma ya malisho, chenye mti uliofungwa vitambaa vya wagonjwa. Mzee mmoja akanifokea mpaka kikohozi kikamkaba. Nilishika neno moja tu: kitahama. Wao husema kisima kitakatifu ukikifulia nguo, kinaondoka usiku na kuibukia kwingine.

Nililia njia nzima, nikijiambia ni rangi yangu tu. Labda ilikuwemo. Mwenyeji mwenzake angemfokea vile? Sijui, pengine angemfokea zaidi. Maana maji yana wenyewe, mwanangu, na mimi nililijua hilo kabla sijaijua Ireland. Bibi yako kule Lushoto alinichapa kwa kutumbukiza sufuria lenye masizi kwenye chemchemi. Alisema nyoka wake atahama na maji yatamfuata. Nimefunzwa na mama yangu, nikaja kukumbushwa ugenini kwa makelele. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Wiki iliyofuata nilirudi, nikaokota majani yaliyoanguka majini. Yule mzee akaja, akachota kwa kikombe cha bati, akakunywesha wewe kwanza. Akatuzungusha kisima kwa mkono wa kulia, kama jua linavyokwenda. Akaniambia alipokuwa mtoto, kati ya 1937 na 1939, walimu nchi nzima waliwatuma wanafunzi wakawaulize wazee habari za visima, wakaziandika kwenye madaftari, na madaftari yakahifadhiwa. Alivyofurahi kusema "hata mwandiko wangu umo"!

Najua utaniuliza kama kingehama kweli. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini, nisingependa kujibu. Ile chemchemi ya Lushoto imekauka. Wanasema ni miti iliyokatwa juu ya mlima, na miti kweli imekatwa, niliona kwa macho yangu. Lakini maji yana wenyewe. Mwambie mjukuu amuulize na bibi wa upande wa baba yake. Huko kwao nako pana kisima.

Mama yako