Neno "kamusi" lina bahari ndani yake: maswali yenu

Shikamoo mwalimu. Mwanangu kaniuliza neno "kamusi" limetoka wapi, nikabaki namtumbulia macho. (Mama, Tandika)

Marahaba. Tumelitoa kwa Waarabu, wao husema *qamus*. Ila hata kwao halikuanza na maana ya kitabu. Lilikuwa bahari kuu, na asili yake ni Kigiriki, *okeanos*. Sasa, mwanachuoni mmoja wa Uajemi, Firuzabadi, aliyezaliwa 1329, alikusanya maneno ya Kiarabu akakiita kitabu chake *al-Qamus al-Muhit*, yaani bahari izungukayo. Jina la kujisifu kidogo, lakini kazi yenyewe ilikuwa kubwa kweli. Watu wakakizoea, wakafupisha, wakasema "qamus" tu, hatimaye kila kitabu cha namna hiyo kikarithi jina. Ni kama sabuni ya unga: dukani unataja jina la kampuni moja, unapewa pakiti ya nyingine, na hugombi.

Nimetafuta "nyimbo" na "amepigiwa", sikuona hata moja. Kamusi yangu mbovu? (Mwanafunzi, Mbagala)

Nzima kabisa. Nomino huingizwa kwa umoja, kwa hiyo nenda kwenye W utakuta *wimbo nm nyimbo [u-/zi-]*. Hiyo "nm" ni nomino, na mabano yanakuonyesha ngeli. Kitenzi nacho kivue viambishi mbele na nyuma mpaka kibaki *piga*. Kuta za nyumba? Angalia U, kwenye *ukuta*. Hapo wengi hukwama.

Kamusi hii au hili? (Ubungo)

Hii, zikiwa nyingi, hizi. "Makamusi" nayasikia, siyaandiki.

Diwani ya mashairi ya binti yangu ina sehemu nyuma iitwayo "Sherehe". Mchapaji kakosea? (Baba, Temeke)

Hajakosea, na hakuna pilau. Sherehe hiyo ni orodha ya maneno magumu pamoja na maana zake, kutoka Kiarabu *sharh*, ufafanuzi. Binti aisome kabla ya mashairi.

Nimerithi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981. Bado inafaa? (Kinondoni)

Itunze, hilo ni toleo la kwanza, la TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), ambayo leo imo ndani ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maneno ya zamani utayapata vizuri. "Intaneti" usilitafute humo. La pili lilitoka 2004, la tatu 2013. Ukiamua kununua kwa wauza vitabu vya mitumba, fungua kurasa za mwanzo uone mwaka wa toleo kabla hujaanza kupatana bei.