Vifaa vya mawasiliano kwa kikosi kinachovaa helmeti

SWALI: Nasimamia wafanyakazi 8 wanaopokea mizigo ya kreni penye kelele nyingi. Redio za mkononi zinawalazimu kuachia kamba ili wabonyeze kitufe. Wauzaji wa vifaa vya kichwani hunitajia umbali wa mawimbi tu. Nizingatie nini?

JIBU: Ndugu msomaji, umbali unaoandikwa kwenye boksi hupimwa uwanjani peupe, na nguzo moja ya zege yenye nondo hutosha kuupunguza sana. Anza na helmeti zenyewe. Kama zina matundu ya ubavuni, chagua vikinga masikio vinavyochomekwa humo, kwa sababu utepe unaopita utosini huinua helmeti ikakaa juujuu. Usikubali ganda litobolewe kupitisha waya. Muuzaji aonyeshe pia kwamba vikinga hivyo vilipimwa vikiwa kwenye helmeti ya aina yenu, kwani palipo na kelele ya desibeli 85 au zaidi kwa saa 8, kazi ya kwanza ya kifaa ni kulinda sikio.

Kwa kuwa mikono imeshughulika, mnahitaji mfumo ambao watu husema na kusikia kwa wakati mmoja, kama kwenye simu. Uliza ni wangapi wanaoweza kusema kwa pamoja, si wangapi wanaoweza kuunganishwa. Na hesabu yako ni 9, maana mwendesha kreni naye yumo. Mifumo ya DECT (teknolojia ya simu za ndani zisizo na waya) hufaa, ila masafa yake hutofautiana (Ulaya ni megahezi 1880 hadi 1900, Marekani 1920 hadi 1930), hivyo kifaa kilichoagizwa nje huenda kisiruhusiwe mlipo.

Jihadhari zaidi na maikrofoni inayojifungua yenyewe isikiapo sauti, kwa sababu mara nyingi humeza silabi ya kwanza. “Pandisha” na “shusha” zikikatwa vichwa, anayebaki na “ndisha” au “sha” masikioni ni mtu aliyeshika usukani wa mzigo. Kwa hiyo jina la mwendeshaji litangulie kila amri, na maikrofoni ikae karibu na pembe ya mdomo, upana wa kidole hivi.

Kabla ya kulipa, azima seti 2 na uzijaribu kreni ikinguruma: mmoja akiwa nyuma ya nguzo asome amri 20 zilizochanganywa, mwenzake aziandike, nawe uhesabu alizokosea. Betri nayo imalize zamu nzima. Mkishaanza kazi, sauti ikikatika, mzigo usimame papo hapo hadi mawasiliano yarejee.