Kuotesha seji kwa mbegu: chunga mkono wa kumwagilia

Anayetaka kuotesha seji, kiungo cha majani yenye harufu kiitwacho sage kwa Kiingereza, kwa mbegu hana budi kwanza kufahamu asili yake. Mmea huu umetoka kandokando ya Bahari ya Mediterania, kwenye miteremko ya mawemawe ambako kiangazi hupita karibu bila mvua, kwa hiyo ingawa ni jamaa ya nanaa na mrehani, haupendi maji kama ndugu zake hao. Ninaishi Arusha, na miche mingi ya seji niliyoiona ikifa hapa imekufa kwa kumwagiliwa kupita kiasi, wala si kwa kiu.

Kwa hali yetu ya hewa napendelea kusia mwezi Juni, masika yakiwa yamekwisha, ili miche ishike vizuri kabla ya vuli. Nunua mbegu mpya, kwa maana mbegu za seji hupoteza uwezo wa kuota baada ya miaka michache. Makopo ya mtindi yaliyotobolewa chini yanatosha. Yajaze mboji iliyochekechwa na kuchanganywa na mchanga wa mto, kisha fukia kila mbegu kina cha nusu sentimita. Katika nyuzijoto 15 hadi 21 mbegu huota kwa wiki mbili hadi tatu, tena kwa kupishana, hivyo usiharakishe kumwaga kopo linaloonekana tupu.

Hadi hapo udongo uwe na unyevu daima. Miche ikishachomoza, badili mwenendo mara moja, kwa sababu adui mkubwa sasa ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu ambao hukifanya kishina kinywee usawa wa udongo, mche ukakutwa umelala asubuhi hali majani yake bado ni ya kijani. Mche ulioanguka hivyo hauinuki tena. Kinga yake ni kuliweka kopo katika beseni lenye maji kidogo, udongo unyonye kutoka chini, kisha kuliondoa na kuuacha uso wa udongo ukauke mahali penye hewa.

Majani mawili ya mwanzo ni laini na hayafanani na seji hata kidogo, kwa hiyo usimlaumu muuza mbegu mapema; yanayofuata ndiyo yenye mikunjo na vinyweleo, na ukiyasugua kidogo utaisikia harufu yake.

Miche ikifikisha majani halisi manne hadi sita, izoeze jua kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, kisha ihamishie kwenye chungu chenye matundu au bustanini kwa nafasi ya sentimita 45 hadi 60, mahali panapopata jua la saa sita au zaidi. Penye udongo mzito, inua tuta. Mwagilia pale tu kidole kinapokuta udongo mkavu chini ya uso, na usizidishe samadi, kwani majani hunenepa na harufu ikafifia.

Mwaka wa kwanza chuma kwa uchache, ukikata ncha juu kidogo ya jozi ya majani ili mmea utoe matawi. Kwa chai, majani mawili au matatu kwa kikombe yanatosha. Mjamzito asiyatumie kama dawa, kwa kuwa yana thujoni, ambayo ikizidi ni sumu.